Hatari ya Kifo si Hukumu ya Kifo

Maumivu ya kichwa hayamshangazi mtu katika nyanda za juu za Buha. Kuanzia Kibondo hadi Kasulu, anayelalamikia kichwa hupewa dawa ya malaria. Kisipotulia huambiwa ana taifodi. Kisipotulia tena, jirani hunong'ona jambo ambalo hospitali haina kipimo chake. Hapo wiki mbili zimekwisha. Tuseme mgonjwa wa namna hiyo anafikishwa Kabanga, amebanwa juu ya bodaboda kati ya dereva na kaka yake, macho yakiona vitu viwili viwili, jina lake akiliitikia kwa shida. Daktari wa zamu anapaswa kujibu maswali mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni ugonjwa gani huu. La pili, ambalo ndugu hawalitamki mpaka wabaki naye peke yake kwenye korido, ni kama atapona.

Makala haya yanahusu swali la pili. Kwa miaka mingi watafiti wamejitahidi kulijibu kwa hesabu. Wamekusanya kumbukumbu za mamia ya wagonjwa wa UKIMWI waliopatwa na homa ya uti wa mgongo itokanayo na kuvu, wakatafuta ni dalili zipi za siku ya kwanza zilizowatenganisha waliopona na waliofariki, wakazigeuza kuwa alama ambazo mtu anaweza kuzijumlisha kando ya kitanda. Ninaziunga mkono alama hizo, na ninazifundisha. Shaka yangu ni juu ya namna tunavyozitumia.

Kwanza kuvu mwenyewe. Jina lake la kisayansi ni Cryptococcus neoformans, nasi tumezoea kumwita kriptokokasi. Makazi yake ni udongo, miti inayooza na vinyesi vya ndege, hasa njiwa. Tunamvuta kwa pumzi bila kujua, na mwili wenye kinga timamu humfungia mapafuni asifurukute. Kinga ikishuka, hasa seli za CD4 zikiwa chini ya 100, hutoka kifungoni, huingia katika damu na kupanda hadi kwenye ubongo. Haambukizwi na mgonjwa: dada anayemlisha ndugu yake uji wodini hana cha kuogopa. Kuvu huyu hujivika koti la utelezi, na utelezi huo huziba njia ambazo maji ya ubongo hupitia yakirudi kwenye damu. Maji hujaa, msukumo hupanda, kichwa huuma kupita kiasi, macho hupoteza nuru, masikio huziba, fahamu huanza kuyumba. Kwa kuwa kinga haina nguvu ya kupigana, homa inaweza isiwepo na shingo inaweza isikakamae. Mhudumu anayesubiri shingo ikakamae ndipo amfikirie kriptokokasi atasubiri mpaka siku ya mazishi.

Makadirio yaliyofanywa kwa mwaka 2020 yalionyesha kwamba duniani watu wapatao 152,000 wenye VVU walipata ugonjwa huu katika mwaka mmoja, na wapatao 112,000 walifariki. Karibu kifo kimoja katika kila vifo vitano vya UKIMWI. Sehemu kubwa ya mzigo huo iko katika Afrika kusini mwa Sahara.

Mkoa wa Kigoma una kiwango cha VVU kilicho chini ya wastani wa taifa, jambo la kushukuru. Hata hivyo baraka hiyo ina hila yake. Ugonjwa unapokuwa haba, akili ya mganga huacha kuutafuta. Wenzetu wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mwaka 1983, waliujua ugonjwa huu kwa macho kabla ya kuusoma vitabuni. Katika mkoa ambao malaria ndiyo inayojaza benchi la wagonjwa wa nje, mtu mmoja mwenye kriptokokasi hupotea katikati ya mia wenye homa.

Sasa turudi kwenye alama. Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi uliojumuisha wagonjwa 501 kutoka nchi kadhaa za Afrika pamoja na Thailand. Katika wiki mbili za kwanza walifariki asilimia 17. Kufikia wiki ya kumi walikuwa wamefariki asilimia 34. Mambo yaliyoambatana na kifo cha mapema yalikuwa machache na yanaeleweka: fahamu iliyovurugika, wingi wa kuvu katika maji ya uti wa mgongo, umri wa zaidi ya miaka 50, na chembe nyeupe nyingi katika damu. Kwa vifo vya baadaye yaliongezeka uzito mdogo na upungufu wa damu. Tafiti zilizofuata zimerudi kwenye mambo yale yale, zikiongeza hili na kupunguza lile.

Tazama orodha hiyo kwa jicho la mtu anayefanya kazi mbali na maabara kubwa. Kuhesabu kuvu katika maji ya uti wa mgongo kunataka kuotesha vimelea na kusubiri siku kadhaa, na hilo tuliache kwa watafiti. Yote yaliyobaki yapo mkononi. Fahamu hupimwa kwa kumsemesha mgonjwa na kumwamuru ainue mkono. Mizani ipo. Kipimo cha wingi wa damu kipo hata katika vituo vingi vya afya. Umri anausema kaka yake. Muuguzi mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kukusanya yote haya kwa nusu saa, na akiambiwa maana yake atayakusanya kwa makini zaidi kuliko daktari bingwa aliyechoka. Ndiyo sababu nasema alama hizi zimefaa zaidi kwetu kuliko kwa hospitali zenye mashine.

Tatizo huanza alama zikishajumlishwa. Namba inayotoka ni ya kundi. Ikisema wagonjwa wa aina hii hufariki arobaini katika mia, haijasema lolote kuhusu huyu aliyelala kitanda cha nne, kama yumo katika wale arobaini au katika wale sitini. Sisi binadamu tuna haraka ya kumweka upande mmoja. Tukishamweka, mikono yetu hufuata.

Nililijifunza hilo nikiwa daktari mdogo, katika hospitali ambayo sitaitaja. Alilazwa kijana wa miaka ishirini na kitu, hajitambui vizuri, mwepesi kama mtoto. Tulimtoa maji ya uti wa mgongo usiku ule, yakatoka kwa kasi ya kutisha. Asubuhi yake nikaandika katika faili maneno ambayo nilidhani ni ya kitaalamu: hali mbaya, matumaini hafifu. Sikuandika kwamba asitobolewe tena. Sikuhitaji kuandika. Kila aliyelisoma faili baada yangu alielewa, na jioni ile hakuna aliyeandaa sindano. Siku ya tatu mama yake alinisimamisha mlangoni akaniuliza kwa upole: "Daktari, juzi mlipomtoa yale maji aliniita. Mbona hamjamtoa tena?" Nilimjibu kitu kuhusu ukali wa ugonjwa. Kijana alifariki siku ya nne, na utabiri wangu ukawa umetimia. Mpaka leo sijui kama nilibashiri kifo kile au nilikisababisha.

Mama yule alikuwa ameona kwa macho yake jambo ambalo mwaka huo huo vitabu vilikuwa bado vinalizungumza kwa woga. Watafiti waliofanya kazi Uganda na Afrika Kusini walionyesha mwaka 2014 kwamba wagonjwa waliotobolewa tena kwa ajili ya kupunguza maji, hata mara moja tu, walipona zaidi sana kuliko wasiotobolewa, hata wale ambao msukumo wao haukuwa juu siku ya kwanza. Hakuna dawa mpya hapo. Ni sindano, mikono safi na mtu aliye tayari kurudi kitandani kesho yake. Ukipima msukumo ukakuta sentimita 25 za maji au zaidi, unatoa maji, mara nyingi mililita 20 hadi 30, mpaka msukumo ushuke chini ya 20 au ufikie nusu ya ulivyokuwa. Kisha unarudia kila siku mpaka utulie. Pasipo na bomba maalumu la kupimia, mpira wa dripu ulio safi na rula ya shule vinatosha kutoa kisio. Nimeona rula hiyo ikiokoa watu.

Hapa sina budi kusema na wagonjwa na ndugu zao, maana wengi hukataa. Husemwa vijijini kwamba mtu akichomwa sindano ya mgongo hufa au hupooza. Sitawacheka wanaosema hivyo, kwa sababu wameona kweli: fulani alichomwa, na fulani alikufa. Walichokosa kuona ni kwamba alichomwa akiwa amechelewa, na mara nyingi alichomwa mara moja tu. Sindano huingia chini ya mahali uti wenyewe unapokomea, katikati ya mifupa ya kiuno, penye maji na nyuzi za neva zinazoelea. Maumivu ya mgongo ya siku mbili hutokea. Kichwa kilichokuwa kinapasuka mara nyingi hutulia mgonjwa akiwa bado amelala ubavu, na nimewahi kuwaona watu wakiomba wenyewe watobolewe tena.

Sababu ya pili ya kutoziamini alama kupita kiasi ni dawa. Alama za hatari hutengenezwa kutokana na wagonjwa waliotibiwa kwa namna fulani, mara nyingi ndani ya utafiti wenye dawa zote na wauguzi wa kutosha. Ukimpa mgonjwa matibabu tofauti, namba hubadilika hata kama dalili zake hazijabadilika. Mgonjwa anayetibiwa kwa flukonazoli peke yake ana nafasi ya chini ya nusu ya kuwa hai wiki ya kumi. Utafiti uitwao ACTA, uliofanyika Malawi, Zambia, Kamerun na hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba waliopewa amfoterisini pamoja na flusitosini walifariki asilimia 31 kufikia wiki ya kumi, na waliopewa amfoterisini pamoja na flukonazoli asilimia 45. Mwaka 2022 ukafuata utafiti wa AMBITION wa Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe: dozi moja tu kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya mafuta, pamoja na flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, ilitoa vifo karibu asilimia 25, ikiwa na madhara machache kwa figo na damu. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaufanya mpango huo kuwa chaguo la kwanza.

Fikiria maana yake kwa hospitali ya wilaya. Dawa ya zamani ilitaka dripu ya kila siku, chumvi ya kutangulia, potasiamu ya kufuatilia, vipimo vya figo na damu kila siku chache. Mpango mpya unataka dripu moja, siku moja, na vidonge. Ungedhani umebuniwa kwa ajili ya Kasulu. Bei ndiyo kikwazo: kwa ile bei nafuu iliyotangazwa mwaka 2018 kwa nchi zenye kipato kidogo, dola 16.25 kwa chupa, mtu wa kilo 60 anahitaji chupa 12, yaani dola 195. Flusitosini nayo ni dawa iliyokuwapo kabla sijazaliwa, lakini kwa miongo mingi haikusajiliwa katika nchi nyingi za Afrika kwa sababu hakuna aliyeona faida ya kuiuza. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mgonjwa fulani atapona, jibu la kweli mara nyingi limo ndani ya stoo ya dawa, wala si katika faili lake. Tunapoandika kwamba mgonjwa alifariki kwa sababu alifika na fahamu iliyovurugika, tuandike pia alipewa dawa gani. Vinginevyo tunamtwika marehemu mzigo wa upungufu wetu.

Kuna na kosa linalofanywa kwa nia njema. Tangu sera ya kupima na kutibu ilipoanza, tumejifunza kumwanzishia mtu dawa za kufubaza VVU mapema iwezekanavyo, na ni sawa kwa walio wengi. Mwenye kriptokokasi kichwani hayumo miongoni mwao. Utafiti wa COAT wa Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2014, uliwagawa wagonjwa 177: walioanza dawa hizo ndani ya wiki moja hadi mbili walifariki asilimia 45 kufikia wiki ya 26, waliosubiri takribani wiki tano, asilimia 30. Kinga inayorudi kwa kishindo ndani ya fuvu lililojaa kuvu huvuruga zaidi. Kwa hiyo mhudumu wa kliniki ya tiba na matunzo, hata kama nafasi yake ni ya kugawa kadi tu, amuulize kila anayeanza na kila anayerejea baada ya kutoroka dawa: kichwa kinauma? Kwa siku ngapi? Swali hilo halina gharama, na huenda likawa kipimo bora cha hatari tulichonacho. Wanaorejea hasa wasikemewe. Aliyekemewa mara moja hatasema kichwa kinauma.

Hata hivyo alama zote nilizozitaja zina udhaifu mmoja mkubwa: zinabashiri wakati nyumba imeshashika moto. Upo ubashiri wa mapema zaidi. Huko Entebbe, watafiti waliowafuatilia watu wenye VVU walichapisha mwaka 2002 kwamba mabaki ya koti la kriptokokasi yalionekana katika damu siku 22 hivi kabla ya dalili kuanza, kwa kipimo cha katikati, na kwa wengine zaidi ya siku mia. Leo mabaki hayo hutafutwa kwa kijiti cha kuchovya kiitwacho CrAg, kinachotoa jibu kwa dakika kumi bila umeme wala hadubini. Mwenye CD4 chini ya 100 akipimwa akakutwa nacho kabla kichwa hakijaanza kuuma, huchunguzwa maji ya uti wa mgongo, na yakiwa safi hupewa flukonazoli. Huyo hatahitaji kuhesabiwa alama na mtu yeyote. Lakini ili tujue kwamba CD4 yake iko chini ya 100 ni lazima tuipime, na tangu dawa zianze kutolewa kwa wote bila kungoja CD4, kipimo hicho kimeanza kuonekana kama anasa. Naliona hilo kuwa kosa la mpango, nami nalisema kwa heshima kwa wanaopanga.

Ushahidi wa nyumbani upo. Utafiti wa REMSTART, ulioongozwa na Dakta Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, uliwahusisha watu 1,999 wenye CD4 chini ya 200 mjini Dar es Salaam na Lusaka. Nusu yao walipimwa kriptokokasi na kutembelewa nyumbani kila wiki, kwa wiki nne za kwanza, na watu wa kawaida waliofundishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba katika kundi hilo walifariki asilimia 13 ndani ya mwaka mmoja, na katika kundi jingine asilimia 18. Waliokutwa na kriptokokasi katika damu walikuwa wachache, kama wanne katika mia. Inaelekea kwamba sehemu kubwa ya uhai uliookolewa ilitokana na mtu kubisha hodi nyumbani na kuuliza hali. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa Heru Juu au Makere wanaweza kazi hiyo.

Ninapendekeza basi kwamba alama za hatari zikae ukutani katika kila wodi inayolaza wagonjwa hawa, kwa sharti moja: kila alama iandikwe sambamba na kitu kinachofanywa usiku ule ule. Fahamu imevurugika: pima msukumo sasa, rudia kesho, andika saa. Damu iko chini: tafuta damu kabla ya kuanza amfoterisini, usingoje mpaka imeporomoka. Uzito mdogo: chunguza kifua kikuu, mlishe, hesabu dozi upya. Alama isiyo na kitendo pembeni yake iondolewe ukutani, kwa kuwa kazi iliyobaki nayo ni kutupa sisi ruhusa ya kupita kitanda hicho haraka.

Naye kaka aliyebaki kwenye korido lazima ajibiwe. Zamani nilikuwa nikisema "tumwombe Mungu" na kuondoka. Wengi wetu tumefanya hivyo, na familia zetu za Buha ni za watu wa sala, hawalikatai. Sasa humkalisha kwenye benchi na kumwambia hivi: "Ndugu yangu, leo yuko katika hatari kubwa, sitakuficha. Watu waliofika kama yeye, wengi wamepona na wengi wamekufa, na mimi sijui yeye ni wa upande gani. Usiku huu tutamtoa maji tena. Kesho asubuhi tutapima damu na figo. Ukimwona anaanza kuropoka au haamki kabla ya hapo, mwite muuguzi, usingoje raundi."